Kidole Gumba cha Mwanamina

Siku Mwanamina alipotoka eda hakwenda kutembelea jamaa. Alivaa buibui lake, akashuka sokoni Voi, akaingia moja kwa moja kwenye bucha ya marehemu mumewe, Fawaz. Akamkuta shemeji yake, Mansur, amesimama nyuma ya gogo la kukatia nyama, aproni ya kaka yake kiunoni, anapasua mbavu za ng'ombe kana kwamba bucha ile alizaliwa nayo.

"Shemeji, umetoka? Alhamdulillahi," Mansur akasema. "Karibu. Nikukatie maini?"

"Vua aproni."

Mansur akacheka, na wateja wawili watatu wakacheka naye. Mwanamina akazunguka meza, akalitwaa panga la mifupa, na kabla mtu hajasema yarabi lilikuwa limeshuka na kudidimia kwenye gogo, upana wa kucha tu kutoka kidole cha Mansur.

"Bucha hii ina mwenyewe," Mwanamina akasema. "Vua."

Mansur akavua. Akaondoka, lakini jicho alilomtupia shemeji yake wateja wale walilikumbuka.

Ndivyo alivyokuwa Mwanamina binti Hashil. Hasira zake zilikuwa karibu, na mkono wake ulikuwa karibu zaidi. Babu yake alitoka Mombasa enzi za reli, akawa mchinjaji wa Waislamu wa Voi, na kazi ile ikashuka kwa baba hadi kwa binti, maana Mzee Hashil hakujaliwa mtoto wa kiume. Fawaz alimwoa akijua hayo, akasema afadhali mke anayejua nyama kuliko anayejua mapambo. Kisha siku moja machinjioni fahali alikata kamba akambana Fawaz ukutani, na waliokuwa nje walisikia mbavu zikivunjika. Mwanamina ndiye aliyemchinja fahali yule, kwa mkono wake, mumewe akiwa amelazwa chini kando, bado anakoroma damu.

Basi ukaja ule ukame. Kwenye maranchi ya Taita ng'ombe walikufa kama nzi. Walikufa kwa njaa, wakafa kwa kiu, na wengine wakafa kwa kimeta. Mzoga mmoja wa kimeta uliuzwa kisirisiri ukapikwa matangani, na waliokula wakatokwa na vidonda vyeusi mikononi na shingoni. Baadhi yao walizikwa kabla udongo wa yule waliyekwenda kumlilia haujakauka. Soko la nyama likafungwa. Mabucha yakawa nyumba za buibui na panya, na hoteli za watalii zikaagiza nyama kutoka Nairobi.

Hapo ndipo wenye ranchi, wenye machinjio, wachukuzi, mabucha na hoteli walipokaa kikao, na Nicholas akaletwa. Alikuwa kijana wa Kitaita, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, na alikuja na sanduku la simu mpya.

"Wenyewe wanaiita blokcheni," aliwaambia, "lakini sisi tuseme Mnyororo. Ng'ombe akizaliwa anatiwa hereni yenye namba, na inaandikwa. Akichanjwa, inaandikwa. Akichinjwa, akipakiwa garini, akifika buchani, inaandikwa. Kila anayepokea anaweka kidole gumba na namba yake ya siri. Na maandishi hayo hayakai kwa mtu mmoja. Ranchi inayo, slota kule machinjioni wanayo, hoteli wanayo, wewe unayo. Yote sawasawa."

"Na mtu akitaka kufuta?" Mwanamina aliuliza.

"Hawezi, mama. Akifuta kwake, kwa wenzake yapo."

"Na akikosea?"

"Anaandika mstari mwingine chini yake. Wa kwanza unabaki."

Mwanamina akalipenda jambo lile kuliko alivyotarajia. Maisha yake yote alikuwa amebishana na watu waliokana maneno yao. Akawa wa kwanza Voi kutundika ukutani kimraba cha madoadoa cha Mnyororo; mteja akikielekezea simu anaona ng'ombe katoka ranchi gani, kachinjwa na nani, kaja na gari gani. Hoteli mbili za barabara ya Taveta zikarudi kwake. Shule moja ya bweni ya wasichana ikaja pia. Bucha ya mjane ikawa na foleni tangu alfajiri.

Mansur naye, alipofukuzwa, alinunua pikapu akawa mchukuzi wa nyama. Alishirikiana na mtu mmoja aitwaye Kituku, mwenye kichinjio kidogo upande wa Mraru. Kituku alikuwa mtu wa mabega mapana na maneno machache, na shughuli yake hasa haikuwa ng'ombe. Alitega waya porini. Chochote kilichonasa, awe twiga, awe mbogo, kilikatwakatwa kikauzwa. Mnyororo ulipokuja ulimbana koo, mpaka Mansur alipopata akili. Ukame ulikuwa haujaisha, na ng'ombe waliokufa wakiwa na hereni walizikwa, lakini kabla ya kuzikwa masikio yao yalikatwa. Mansur alikuwa na mfuko mzima wa hereni. Kwenye Mnyororo ng'ombe wale walikuwa bado wazima, wanakula majani. Kituku alikuwa akiweka kidole kwamba amewachinja, Mansur anaweka kidole kwamba amewapakia, na muhuri wa daktari wa mifugo walikuwa wamejichongea kwa soli ya kandambili. Kilichobaki ni mtu wa kupokea. Wakataka mwenye bucha mwenye jina, ambaye hoteli zikiona kidole chake haziulizi tena.

Walimjia asubuhi, ndiyo kwanza anafungua. Kituku alikuwa amebeba paja begani, na magunia ya minofu yalibaki kwenye pikapu.

Mwanamina aliliangalia lile paja likiwekwa mezani. Likavuka meza, likaning'inia.

"Huu mguu wa nini?"

"Ng'ombe," Mansur akasema. "Weka kidole, shemeji, tuna haraka."

"Ng'ombe gani ana paja refu kama mlango?" Akaligeuza. Nyama ilikuwa nyeusi, haina hata uzi wa mafuta, na damu ilikuwa imegandia ndani. Chini, karibu na ukwato uliokatwa, waya ulikuwa umechora pete iliyozama mpaka mfupani. "Huyu ni twiga. Tena hakuchinjwa. Amenaswa akahangaika mpaka akafa na damu yake. Mansur, wewe mtoto wa Bi Faiza, unaniletea nyamafu niwalishe watu?"

"Watu washakula. Hii si ya kwanza."

"Kwangu haikupita."

"Leo itapita."

Kituku akalivuta lango la bati, likashuka kwa kishindo. Mwanamina hakungoja. Alikamata kisu cha kuchunia, na Kituku alipogeuka kikamwingia mkono juu ya kiwiko, akanguruma kama dume. Mansur akamrukia Mwanamina kwa nyuma. Ngumi ya kwanza ilimpata shavuni, ya pili ikampasua mdomo. Akauma kiganja kilichomziba pumzi mpaka akasikia ladha ya damu isiyo yake. Wakamwangusha. Kituku akampiga teke la mbavu, akampiga tena, na kisu kikateleza chini ya friji asikifikie.

Walimwinua wakamlaza kifua juu ya gogo, lile lile alilolikata siku ya kutoka eda. Kituku akaushika mkono wake wa kushoto, akaubandika kwenye mbao.

"Namba ya siri," Mansur akasema. Alikuwa anahema. "Shemeji, sema. Wallahi sitaki haya."

Mwanamina akamtemea damu usoni.

Mansur akalichukua panga la mifupa, akaligeuza mgongo, akapiga. Kidole cha mwisho kilivunjika kama kijiti kikavu. Ukelele wa Mwanamina ulisikika hadi kwenye vibanda vya mboga, lakini sokoni asubuhi kelele ni nyingi, na mbuzi nao hulia. Akapiga cha pili. Mwanamina alimwita Mungu, akamwita na mama yake aliyekufa zamani. Panga lilipoinuka mara ya tatu, Mansur hakuligeuza mgongo. Aliliinua kwa makali.

Akaitaja namba.

Kituku akaushika mkono wa kulia, akakibonyeza kidole gumba kwenye simu yake, lakini kilikuwa kimetapakaa damu ya mdomo, ikabidi wakipanguse kwa buibui lake ndipo simu ikakubali. Ikalia mlio mwembamba. Nyama ya twiga ikawa nyama ya ng'ombe, imepokewa na Mwanamina Hashil, tayari kwa kuuzwa.

Mansur akaibamiza ile simu kwa mgongo wa panga mpaka ikawa vigae. Wakapandisha lango na kutoka na paja lao, na pikapu ikaondoka, maana wao wenyewe ndio waliokuwa wachukuzi wa kwenda hotelini na shuleni.

Aliyemkuta ni Wakesho, muuza mboga wa kibanda cha mbele, rafiki yake wa miaka. Aliingia kuomba chenji akamwona sakafuni, mgongo umeegemea friji, mkono kifuani.

"Mungu wangu! Mwanamina! Nani amekufanyia hivi?"

"Mansur. Niinue."

"Twende hospitali."

"Kwa Nicholas kwanza."

"Umewehuka? Vidole vinaning'inia!"

"Wakesho," Mwanamina akasema, na maneno yalitoka mazito kwa sababu ya mdomo uliovimba, "nyama iko njiani inaenda kwa watoto wa watu, na jina langu liko juu yake. Niinue, la sivyo natambaa."

Bodaboda ikawabeba wote wawili, Wakesho nyuma amemkumbatia asianguke. Nicholas alipomwona alisimama hata kiti kikaanguka. Aliusikiliza mkasa wote, akaifungua kompyuta, akauona ule mstari uliojaa uongo, wa asubuhi ile ile.

"Ufute," Mwanamina akamwambia.

"Siwezi, mama."

"Nicholas, wamenipiga! Si mimi niliyeweka!"

"Ni kidole chako. Siwezi mimi, wala mkubwa wangu hawezi." Kijana macho yalimjaa machozi. "Tuliitengeneza hivyo makusudi. Mtu asiweze kushurutishwa kufuta. Hatukufikiri kwamba atashurutishwa kuandika."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwanamina alipumua kwa shida kwa zile mbavu. Kisha akasogeza kiti. "Basi andika. Na kila aliye nayo imfikie sasa hivi."

Akasema, Nicholas akaandika: *Mimi Mwanamina Hashil. Mzigo wa leo kutoka kwa Mansur na Kituku si ng'ombe. Ni twiga aliyekufa kwa waya. Nimevunjwa vidole nikakubali. Msile.* Akaweka kidole gumba kwenye simu ya Nicholas, na safari hii alikipangusa damu mwenyewe.

Simu zikalia jikoni mwa hoteli, zikalia ranchini na machinjioni. Shuleni mpishi alikuwa amekwisha kuinjika. Alisoma, akaita wenzake, wakaipindua sufuria kubwa kwenye shimo la taka na mvuke wake. Lakini hoteli moja ilikuwa imekwisha kuwapakulia mchuzi mafundi wa barabara, na walipoambiwa walichokula, wengine walitapika pale pale mezani. Kimeta kilikuwa bado kichwani mwa kila mtu. Habari ikashuka mjini kama moto wa nyasi, na ikifika imekatika mkia. Watu waliangalia simu zao na kuuona mstari wa juu. Imepokewa na Mwanamina Hashil. Wa chini wengi hawakungoja kuusoma.

Alipotoka hospitali, mkono umefungwa vibao, alikuta umati mbele ya bucha.

"Ndiye huyu! Ametulisha mizoga!"

"Choma! Choma hiyo bucha!"

Mwanamina aliwapita akaingia ndani, akatoka na lile panga mkononi. Akasimama mlangoni. "Anayetaka kuingia na aje," akasema. Jiwe likampata juu ya jicho. Damu ikamfumba jicho moja, naye hakurudi nyuma. Mtu mmoja akajaribu kumzunguka. Akampiga ubapa wa panga shingoni, mtu akaenda chini. Chupa ya petroli ikapita juu ya kichwa chake, ikapasukia ndani, na friji ikashika moto.

Wakesho alikuwa amepanda juu ya kreti za nyanya. Alikuwa mwanamke mfupi lakini sauti yake ilikuwa ya kuitia watu kanisani.

"Someni mstari wa chini! Nyinyi wajinga, someni chini!" Akausoma yeye mwenyewe, neno kwa neno, simu juu. "Nimevunjwa vidole! Mwangalieni mkono! Mwangalieni!"

Waliokuwa karibu wakauangalia ule mkono. Mawe yakapungua. Mafundi wa barabara, walioingia na mitaimbo wakitafuta wa kumuua, walitazamana, na mmoja wao akauliza, "Huyo Mansur anakaa wapi?" Hapakuwa na haja ya kujibiwa. Umati ukageuka kama ng'ombe wanavyogeuka wakisikia maji, ukaelekea barabara ya Taveta. Hakubaki mtu wa kuzima moto ila Mwanamina, Wakesho na wauza mboga wawili, kwa ndoo na mchanga. Waliokoa kuta.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amejaa masizi, mavyaa wake alipofika. Bi Faiza, mama yake Fawaz na Mansur, alikuja kichwa wazi, yeye ambaye hata mlangoni pake hakutoka bila ushungi. Akajitupa miguuni pake.

"Mwanangu wanamchoma. Mwanamina, wamempata Mraru. Nimeshazika mmoja. Nakuomba kwa haki ya Fawaz."

"Unaona mkono wangu, mama?"

"Nauona."

"Ni yeye."

"Najua ni yeye. Nimemzaa mimi, najua." Kizee kikamshika pindo la buibui. "Nakuomba."

Mwanamina alitamani afe. Alitamani hasa, kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji, na baadaye hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Lakini alisimama, akalichukua panga, akaita bodaboda.

Karibu na njia panda ya Mraru pikapu ilikuwa imepinduliwa, inawaka. Kituku alikuwa amekimbilia porini. Mansur alikuwa amepigishwa magoti katikati ya barabara, uso umevimba hata haujulikani, jicho moja limetoka mahali pake, na tairi limekwisha kuvishwa shingoni. Mtu alikuwa anatafuta kiberiti. Mwanamina akapenya, na watu wakampisha, wakidhani amekuja na panga kumalizia.

"Ni haki yako, mama," fundi mmoja akamwambia. "Anza wewe."

Mwanamina akamtazama shemeji yake. Akamzaba kofi, zito kuliko vile mwenyewe alivyokusudia, Mansur akaanguka ubavu na tairi lake. Kisha akasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, akawageukia watu.

"Huyu ana mfuko wa hereni za ng'ombe waliokufa," akasema. "Ametaja wangapi alioshirikiana nao? Hajataja hata mmoja. Mkimchoma leo, mtakula twiga tena mwezi ujao kwa mkono wa mwingine. Atataja kwanza. Anayetaka kuwasha tairi aniwashe na mimi, na mjue mimi sifi kimya."

Kelele zikapanda. Mtu akamsukuma, naye akainua panga. Mwingine akammwagia petroli mguuni, na akaisikia baridi yake ikishuka ndani ya kiatu. Aliogopa. Lakini hakusogea, na hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyemchoma mjane mwenye mkono uliovunjwa. Wakabaki hivyo, wakitukanana naye chini ya jua la saa tisa, mpaka askari walipofika wakampakia Mansur kama gunia.

Mansur alitaja. Walikamatwa watatu, na mfuko wa hereni ukapatikana chini ya kitanda chake. Kituku hakupatikana, wengine husema alivuka mpaka upande wa ziwa Chala, wengine husema pori lilimlipa. Mafundi waliokula hawakuumwa, ila mmoja hakugusa nyama tena. Baadaye Mnyororo ulibadilishwa: ng'ombe akifa, hereni yake inauawa naye, na anayepokea ana namba mbili, moja ya kawaida na moja ya kutaja akishurutishwa, inayokubali mzigo na kupiga kengele kwa wenzake kimyakimya. Nicholas alitaka kuipa namba ile jina la Mwanamina. Akamkataza kwa ukali.

Bucha aliifungua tena, kuta bado nyeusi. Hoteli moja haikurudi. Meneja alimwambia kwa upole kwamba wageni wakisoma historia yake wanaona ule mstari wa kwanza, na hamu inawatoka. Mwanamina akamtukana mpaka akatoka mbio. Vidole viwili viliunga vimepinda. Anashika nyama kwa vitatu, na wakati wa baridi ya Julai hasira yake haina mfano.

Bi Faiza hakumshukuru hata siku moja, wala hakumlaumu. Walikuwa wanakutana kwenye arusi na hitima, wanasalimiana, basi. Hata asubuhi moja akatokea kwenye foleni na kikapu chake, akangoja zamu kama mteja yeyote.

"Leo ni siku ya kumwona gerezani," akasema. "Nataka nimpikie kitu."

Mwanamina akachagua kipande cha paja, kizuri, chenye mafuta pembeni, akakikata vipande vidogo kama Mansur alivyovipenda tangu ujana wake, akafunga kwenye gazeti.

"Mwambie hii ni ya ng'ombe," akasema.

Bi Faiza hakucheka. Alikitia kikapuni, akakifunika kwa kitambaa, akashika njia ya gereza.